Mama Povu na Mawe Yenye Utelezi

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama katikati ya povu lililomfika magotini, mikono kiunoni, anacheka. Nyuma yake shuka nyeupe zilijaa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na pembeni mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa akipandisha makapu ya nguo juu ya meza yasilowe. Nilikuwa nimeitwa kuzibua bomba. Mimi ni fundi bomba, na kazi hiyo huifanya nimeinama, jambo linalonifaa, maana mtu aliyeinama haulizwi maswali mengi.

Yeye aliniuliza. Alitaka kujua kama mimi ndiye fundi au nimekuja kuoga. Nikamwonyesha mfuko wa vifaa.

"Huyu bubu," akamwambia mkwe wake. "Afadhali. Yule wa kwanza alizibua mdomo tu."

Bomba lilitoka kwenye ua wake wa kufulia, likapita chini ya njia ya waenda kwa miguu na kumwaga maji ziwani. Nilipolifuata hadi mwisho nilikuta halikuziba lenyewe. Mtu alikuwa amelishindilia magunia na kuyakandika saruji, kazi safi kabisa, hata ukingo ameulainisha kwa mwiko. Nilipomweleza, hakuuliza ni nani. Alitazama ng'ambo ya njia, kwenye kibanda cha bwana mmoja mwenye mitumbwi ya kukodisha, akasema yule jirani angeshika uashi angekula vizuri kuliko anavyokula kwa mitumbwi. Nikavunja saruji, povu likaenda zake ziwani, ua ukakauka. Akaniletea kiti na chai, na tangu siku hiyo kila kilichovuja kwake niliitwa mimi.

Watu walimwita Mama Povu, naye aliitika bila kinyongo. Alianza udobi alipofiwa na mumewe, kwa kufua nepi za majirani katika beseni moja. Baadaye zikaja shuka za nyumba ya wageni, kisha makoti ya madaktari, kisha vitambaa vya meza vya hoteli iliyo upande wa pili wa barabara. Ua ule ndio uliomsomesha mwanawe. Mkwe wake alikula humo, na wanawake wengine aliowapa kazi, na yeye mwenyewe hakujua mlango mwingine wa kubisha.

Jambo lililomtofautisha na madobi wengine lilikuwa jicho lake. Aliinua shuka kuelekea jua akaipitia taratibu, pembe hadi pembe, na akikuta doa ambalo mimi nisingeliona hata nikionyeshwa, shuka ilirudi majini. Nyumbani kwake hata matako ya sufuria yaling'aa. Mkwe wake alinisimulia kwamba siku ya harusi mama mkwe alimkumbatia huku akilia, kisha, machozi bado yanamtoka, akampangusa poda begani.

Sasa lile ziwa. Liko katikati ya mji, nyumba zimelizunguka, na miaka hiyo maji yake yalikuwa ya kijani, mazito, ukitia kasia linatoka limevaa soksi. Jua likikolea harufu iliingia madirishani na samaki walielea matumbo juu. Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Waosha magari walilaumu wenye vyoo, wenye vyoo walilaumu gereji, na wote kwa pamoja walimlaumu Mama Povu, kwa sababu uchafu wake ulikuwa mweupe na ulionekana kutoka mbali.

Ndipo akaja afisa wa ziwa kutoka manispaa, mama mwembamba mwenye sauti ya chini, amebeba sahani iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe na kufungwa kwenye kamba. Aliiteremsha majini mbele ya ua. Ikapotea machoni kabla kamba haijalowa urefu wa mkono. Alitueleza bila hasira kwamba maji yakiwa safi sahani huonekana hata chini sana, na kwamba sabuni ya unga tunayoimwaga ni mbolea kwa ule ukijani. Kisha akasema alichotumwa kusema: maji ya ua yasafishwe kabla ya kuingia ziwani, la sivyo mvua zikianza ua utafungwa.

Hakuondoka akatuacha hivyo. Alichuchumaa akachora chini kwa kijiti. Kwanza shimo la kutuliza maji, halafu kitanda kirefu cha mawe na kokoto kilichopandwa matete, maji yapite polepole kati ya mawe na mizizi, yatokee upande wa pili. Maji yenye klorini, ile dawa ya kung'arisha nguo, yakae kwenye pipa lake peke yake juani mpaka makali yaishe. Na sabuni ibadilishwe.

Nikajenga. Mama Povu alisimama juu ya kichwa changu kila siku akikagua viungo vya bomba kama anavyokagua mishono. Tuling'oa matete kando ya ziwa tukayapanda kwenye kokoto, na wiki za mwanzo maji yalitoka upande wa pili vilevile yalivyoingia. Mwenye mitumbwi alitutazama kutoka ng'ambo, mikono kifuani, akisubiri tushindwe. Halafu taratibu povu likapungua, na asubuhi moja mkwe alikinga maji kwenye glasi akamletea mama mkwe wake. Hayakuwa ya kunywa, lakini uliona vidole vyake upande wa pili wa glasi.

Wakati huohuo mawe yalianza kuota utelezi, wa rangi ya kahawia, mzito. Mama Povu akakosa raha. Aliniuliza kwa nini yanateleza, nikamjibu labda ndivyo yanavyokuwa. Alinitazama kama mtu niliyemletea kitambaa chenye doa la chai nikamwambia ndivyo kilivyofumwa.

Afisa akatuma habari kwamba anakuja kukagua. Siku hiyo nilifika mapema, nikakuta maji yanayotoka yamechafuka na povu limerudi. Matete yamelegea, majani yamegeuka njano. Nilifungua kila mfuniko, nikaingiza mkono kila bomba, sikuona kosa, na mawe sikuyafikiria hata kidogo. Nilikuwa bado nimelala kifudifudi afisa alipoingia. Alinipita akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha kokoto na kusimama. Mawe yalikuwa meupe kama meno.

"Nani ameyaosha haya?"

"Mimi," Mama Povu akasema, kidevu juu. "Jana, kutwa nzima. Jiwe moja moja, kwa brashi na klorini. Mgeni haji kwangu akakuta utelezi."

Alisubiri asifiwe. Tuliambiwa klorini isichanganywe na maji ya kufulia, na hilo alilishika barabara. Kuhusu kuosha mawe hatukuambiwa neno, na simlaumu afisa, maana ni nani mwingine angefikiria kuyaosha?

Afisa akaomba ndoo, akaigeuza, akaikalia. Akaeleza kwamba ule utelezi ni hai. Ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na wao ndio wanaokula uchafu. Mawe ni nyumba yao tu, na matete huwasaidia kazi.

"Mama," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "umewafukuza wafanyakazi wako wote mkesha wa ukaguzi."

Mkwe alijifunika uso kwa shuka iliyokuwa karibu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mama Povu hakucheka. Alitazama mawe, akatazama matete yaliyolegea, akatazama kamba zake.

"Wanarudi?" akauliza.

Wanarudi, afisa alisema, ila kwa mwendo wao, na mvua hazitawangoja. Njia ya kuwaharakisha ni kuleta mawe yenye utelezi kutoka mahali penye maji yanayotembea na kuyachanganya na haya. Yeye angeweza kupita mara moja zaidi kabla baraza la manispaa halijakaa kuamua. Basi.

Karibu yetu palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo, nasi sote tulipajua. Kando ya kibanda cha mwenye mitumbwi ulipita mfereji wa maji ya chemchemi, na mawe yake yalikuwa yanateleza hivi kwamba wateja walikuwa wakianguka. Mama Povu alichukua mabeseni, moja akanipa mimi. Nilitamani ardhi ipasuke niingie, lakini nikamfuata.

Tulimkuta akiziba ufa kwenye mtumbwi.

"Jirani," Mama Povu akasema, "nimekuja kuomba uchafu."

Hakuinua kichwa. "Wako ninao hapa wa miaka yote. Chagua."

"Huo nitaufuata siku nyingine. Leo nataka huu wa kwenye mfereji wako, ulioganda kwenye mawe."

Hapo aliweka patasi chini. Mama Povu alimsimulia yote, hakuficha brashi wala klorini, na yule bwana alicheka mpaka akashika ukingo wa mtumbwi. Alipomaliza alijifuta macho, na uso wake ukabadilika. Alisema wateja wamemkimbia kwa sababu ya harufu, na mitumbwi imekauka na kupasuka kwa kukaa bure. Asipotoa hata jiwe moja ua utafungwa na povu litakwisha bila yeye kunyanyua kidole. Sasa ampe mawe kwa sababu gani? Niliona ana haki, nikaangalia viatu vyangu.

"Ukifungwa, nitafua nyumbani," Mama Povu akamjibu, wala hakupandisha sauti. "Mkwe wangu atafua kwake. Na wale wengine, kila mmoja kwake. Maji yetu yatakuja ziwani kwa mifereji usiyoijua wala kuiona. Leo bomba ni moja na unajua liliko. Kesho utaziba mangapi kwa saruji, hata kwa mkono wako mzuri ule?"

Yule bwana akautazama mkono wake. "Mkono mzuri?"

"Ule ukingo uliulainisha sana. Muulize fundi, ulimtoa jasho."

Nikatikisa kichwa kukubali, maana ulikuwa kweli umenitoa jasho. Akatuangalia mmoja baada ya mwingine. Kisha akakunja suruali, akapokea beseni mkononi mwa Mama Povu, akaingia mferejini mwenyewe.

Afisa alikuwa ametuonya kwamba mawe yakikauka njiani wale viumbe watakufa. Mama Povu alikimbia uani, akavuta shuka nyeupe kwenye kamba, moja ya zake mwenyewe, akailowesha na kuyafunika mawe machafu nayo. Tulibeba hivyo kutwa, mwenye mitumbwi akitusaidia kwa toroli lake na kutukumbusha kila tulipopita kwamba sasa sote tunanuka sawasawa. Shuka ile haikurudi kuwa nyeupe, wala hakujaribu kuing'arisha.

Kilichobaki kilikuwa kungoja, na hiyo ndiyo kazi iliyomshinda nguvu kuliko zote. Alimwamuru mkwe wake afiche brashi na asimwonyeshe hata akiomba kwa machozi. Aligeuza kiti chake kikatazama ukutani ili asione kokoto. Hata hivyo nilimkuta zaidi ya mara moja amegeuza shingo, akiyatazama mawe yakirudi kuwa kahawia, mkono wake unasugua hewa.

Matete yakatoa machipukizi. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya afisa aliporudi. Alikinga maji kwenye chupa, akayanusa, akatia kidogo kwenye glasi. Kabla hajasema neno Mama Povu aliipokea glasi mkononi mwake, akaiinua kuelekea mwanga na kuizungusha taratibu, vilevile anavyokagua shuka. Sisi wote tulingoja, afisa naye akangoja.

"Yamepita," Mama Povu akasema, akamrudishia.

Afisa akakubali kwamba yamepita. Mvua zikanyesha na ua haukufungwa.

Baada ya hapo walikuja waosha magari kutazama, wakijifanya wanapita tu. Gereji ikafuata, halafu nyumba za wapangaji zilizokuwa na vyoo vinavyovuja. Nimewajengea wengi, na kila mahali Mama Povu alikwenda na mimi siku ya kuanza, akawakaripia kuhusu mawe kabla hawajapata mawazo ya kipuuzi. Kuanzia hapo sikuhitaji kusema sana, yeye alisema kwa niaba yetu sote. Ziwa halijapona, lakini linapona. Siku hizi afisa akiteremsha sahani yake hulazimika kuachia kamba zaidi kabla haijapotea machoni, na mitumbwi haipati nafasi ya kukauka. Jina la Mama Povu halikubadilika, ingawa watoto wa siku hizi hawajui limetoka wapi.

Alipoanza kuugua miguu, ua ukabaki mikononi mwa mkwe wake. Mara ya mwisho nilikwenda kumwona nikitokea kazini, nilikuwa nimezoa tope kwenye shimo lao la kutuliza maji. Viatu niliviacha nje. Alikuwa amelala kwenye shuka nyeupe zilizonyooshwa hadi chini ya godoro, mwili umepungua, jicho lile lile. Akauliza matete yakoje, nikamwambia yamenipita urefu. Akauliza kama jirani bado anajisifu kwa ile saruji, nikamwambia anawaonyesha wateja mahali ilipokuwa. Kisha nikamweleza lililonipeleka: wageni kutoka mji mwingine wanakuja kutazama kitanda cha kokoto, na mkwe wake ameniuliza, kwa upole tu, kama yale mawe ya juu hayawezi kupanguswa kidogo.

Alicheka, kifua kikambana, akacheka tena.

"Mwambie ayaache mawe na uchafu wao," akasema, huku akivuta pembe ya shuka iwe mbali na suruali yangu. "Na wewe, fundi, nenda kaoge."