Hatua za Anatolia

Evodia alikuwa na miaka hamsini na moja alipoambiwa kwamba presha yake imefika mia na themanini. Alicheka. Alimwambia muuguzi, binti mmoja aitwaye Kemilembe, kwamba hana nafasi ya kuumwa. Kwaya ya parokia inamdai mashati arobaini na sikukuu ya parokia imekaribia.

Kemilembe hakucheka. "Mama, kazi yako ni ya kukaa?"

"Mimi ni fundi cherehani."

"Kwa siku unatembea kiasi gani?"

Evodia alifikiri. Tangu alipofunga mota kwenye cherehani yake, hata kukanyaga hakanyagi tena. Asubuhi bodaboda ilimchukua mlangoni kwake Ijuganyondo hadi kwenye kibanda chake cha kushonea mjini, jioni ikamrudisha. Akakumbuka mama yake, aliyeanguka jikoni huku anamenya ndizi, asiamke tena. Presha hiyo hiyo.

"Sitembei," akajibu kwa sauti ndogo.

Kemilembe akamwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua. Programu ile ilitaka kila mtu awe na mwenzi, na kila jioni saa moja kila mmoja hupelekewa hesabu ya mwenzake. Evodia akamtaja dada yake, Anatolia, mjane aliyeishi peke yake Buganguzi, wilayani Muleba. Jumamosi iliyofuata akampelekea simu ya kupangusa.

"Kwa hiyo mdogo wangu, nihesabiwe hatua za kwenda kumwaga samadi?" Anatolia aliuliza, akacheka mpaka akajishika ubavu. Lakini simu aliipokea, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Jioni ya kwanza ujumbe ukaingia: Mwenzi wako Anatolia leo ametembea hatua 11,240. Wewe umetembea 1,310.

Evodia aliona aibu kana kwamba mtu amemsema hadharani. Kesho yake aliteremka kwenda mjini kwa miguu. Vijana wa bodaboda wakamwita, "Mama, leo umetukasirikia?" Hakuwajibu, pumzi haikutosha. Baada ya miezi miwili aliweza kuwajibu. Ilipotimia miezi minne akafika hatua elfu saba, na sketi zake akaanza kuzipunguza mwenyewe kiunoni. Siku za mvua, alipotaka kujilaza, aliangalia namba ya dada yake, akachukua mwavuli akatoka.

Krismasi alikwenda Buganguzi. Aliona vifundo vya miguu ya Anatolia vimevimba kidogo.

"Chumvi ya sikukuu hiyo," Anatolia alisema, akaivuta kanga ikafunika miguu.

Januari sare za shule zikamzonga. Pasaka ikapita hajaenda. Hakuwa amemsahau dada yake. Kila jioni saa moja simu ilimwambia Anatolia ametembea hatua elfu kumi, siku nyingine elfu kumi na mbili, naye akalala kwa amani. Walipoongea, sauti ya Anatolia ilikuwa imechoka na maneno yake yalikatika katikati. "Ndiyo natoka shamba," alisema. Evodia akaamini. Mtu wa hatua elfu kumi utamwogopea nini?

Ilikuwa Juni, kahawa zimeiva, saa sita mchana, alipopigiwa na Felicitas, jirani wa Anatolia na mwenzake wa jumuiya ya kanisani.

"Dada Evodia, njoo. Anatolia ana hali mbaya."

"Ana hali mbaya tangu lini? Jana tu ametembea elfu kumi na moja!"

"Njoo tu, dada."

Alimkuta Anatolia ameketi kitandani, ameegemezwa mito, kwa maana akilala chali alikosa pumzi. Miguu ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa. Hospitali walikuwa wamemwambia tangu Februari kwamba moyo wake umetanuka; wakampa dawa, wakamshauri afike Mwanza kwa uchunguzi zaidi. Hakwenda. Kutoka kitandani hadi mlangoni hakuwa amefika kwa wiki sita.

"Na simu iko wapi?" Evodia aliuliza.

Felicitas, aliyesimama mlangoni, akafungua pindo la kitenge chake akaitoa.

"Aliniapisha," alisema. "Aliniambia niende nayo kila niendako. Kisimani, kwenye kahawa, kanisani. Jioni namrudishia, anasoma namba yako, anafurahi."

Evodia akamgeukia dada yake. Alitaka kupiga kelele, ikatoka sauti ya mtoto. "Kwa nini, dada?"

Anatolia alivuta pumzi mara mbili kabla ya kusema. "Ungejua nimekaa, nawe ungekaa. Nakufahamu tangu tunakwenda shule. Bila mtu mbele yako, huendi."

"Ningekupeleka Mwanza!"

"Ungefunga kibanda, ukakaa hospitali na mimi, na presha yako hiyo. Mama nilimwokota mimi pale jikoni, Evodia. Wewe hukuwepo. Sikutaka nikuokote na wewe."

"Kwa hiyo mimi nikuzike?"

Anatolia alinyoosha mkono akashika kiuno cha sketi ya mdogo wake, akakivuta kidogo, akaona kilivyopwaya. Akatabasamu.

Gari la kwenda Mwanza lilipatikana, lakini daktari wa wilaya alikataa, akasema mgonjwa hatafika akiwa hai. Evodia akabaki. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamkanda miguu ile ambayo kwa miezi kadhaa aliiona kwenye simu ikitembea. Siku ya tisa, asubuhi, Anatolia aliomba afunguliwe dirisha aone kahawa. Evodia aliporudi kutoka dirishani, dada yake alikuwa amekwisha kufa.

Waombolezaji walikalia nyasi zilizotandikwa sebuleni. Evodia alikaa na wote, ila Felicitas alipokuja kukaa karibu naye, aliinuka akaenda kwingine. Watu waliona.

Mwezi uliofuata alikwenda kliniki. Kemilembe alimpima, akapima tena kuhakikisha. "Mia na ishirini na sita! Mama, hongera sana. Ningekuwa na wagonjwa kumi kama wewe!"

Evodia akaweka uso kwenye meza ya kupimia, akalia mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje wakachungulia. Kemilembe alipoelewa yaliyotokea, akalia naye. Baadaye, kwa sauti ya chini, akamwambia programu inaruhusu kuchagua mwenzi mwingine.

"Hapana," Evodia alisema.

Kwenye misa ya arobaini alirudi Buganguzi. Watu walipokwisha kula na kutawanyika, alimkuta Felicitas nyuma ya nyumba anakosha masufuria. Akamwambia, "Nionyeshe ulikokuwa ukipita."

Felicitas alifuta mikono, akachukua dumu lake, akatangulia. Walipita kwenye kibanja, katikati ya migomba, wakatokea kwenye kahawa ambazo hazikuchumwa zikaanza kukaukia mitini. Wakapanda hadi kanisani, wakazunguka, wakateremka kisimani kwa njia yenye utelezi. Palipokuwa na utelezi mkali Felicitas alinyoosha mkono; Evodia alisita, halafu akaushika.

Kisimani akaketi juu ya jiwe. "Ni hatua ngapi mpaka hapa?"

"Sijui kusoma ile simu, dada. Mimi niliibeba tu."

Evodia akajifunika uso kwa kanga. Felicitas akatumbukiza dumu majini, likajaa, akalifunga, akalisimamisha kando. Kisha akabaki amesimama, akimsubiri amalize kulia.