Tulivyosoma Picha za Oveni ya Mama

Enzi zetu, na msinicheke, najua niko kidato cha tatu na ndevu zangu bado zinasitasita kutoka, lakini hata sisi tulikuwa na enzi zetu. Enzi hizo kitu kipya kikiingia nyumbani tulikiuliza chenyewe. Tulikigusa, tukakinusa, tukakizungusha kila kilipozunguka, na kisipouma tukakizoea. Hivyo ndivyo tulivyojuana na oveni ya Mama.

Nilikuwa darasa la nne. Kwetu ni juu kidogo ya Sosiot, mahali ambapo ukitoka jikoni vibaya unajikuta umesimama katikati ya majani chai. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa anahamia Nakuru, na jiko lake kubwa likakosa nafasi kwenye lori. Likaja kwetu. Juu lilikuwa na meko ya gesi, hayo tuliyaelewa. Chini lilikuwa na oveni ya stima: mlango wa kioo, tumbo tupu, na swichi mbili za kuzungusha. Moja ilikuwa ya joto, lakini namba zake zilikuwa zimesuguliwa na mke wa Mjomba hadi zikafutika. Ya pili haikuwa na neno lolote. Ilikuwa na picha tu: taa, mistari, meno ya msumeno, feni, na feni nyingine iliyofungiwa ndani ya duara. Ungedhani ni mtihani wa watoto wa nasari.

Kogo, yaani nyanya yetu mzaa Baba, aliizunguka ile oveni akiigonga na fimbo.

"Moshi inatokea wapi?"

"Haina moshi, Kogo."

"Basi hiyo si jiko. Hiyo ni kabati."

Mama alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba wamama wa fellowship wakija kwetu Jumapili watakuta keki. Si mandazi, si viazi vitamu. Keki, ya kutoka oveni.

Jaribio la kwanza alizungusha kwenye picha ya taa. Tumbo la oveni likang'aa, sisi tukapiga makofi. Mtuelewe: kwenye jiko la kuni, mwanga ndio moto. Hatukuwa tumewahi kuona kimoja bila kingine. Unga uliokorogwa ukakaa mle ndani asubuhi nzima, umeangaziwa vizuri kama bibi harusi anayepigwa picha, baridi vile vile. Kogo akapita, akachungulia, akauliza, "Imetoka kuota jua?"

Jaribio la pili Mama akachagua meno ya msumeno, kwa sababu yalifanana na ndimi za moto. Safari hii moto ulikuwepo, na ulikuwa umekasirika. Juu ya keki pakawa peusi kama lami mpya. Baba akatoboa hapo juu na kijiko, na chini yake kikatoka kitu cha kumiminika.

"Hii ni keki," akauliza, "ama ni uji umevaa kofia?"

Tulicheka hadi mimi nikakohoa. Mama hakucheka. Baba, akiona amepata watu wa kumsikiliza, akaongeza hukumu: ikifika Jumapili na hii kitu haijatoa chakula cha binadamu, anang'oa mlango, anaweka nyasi ndani, kuku watage. Na hakuwa anatania. Kuku mmoja mwekundu alishaingia mle mara moja mlango ulipoachwa wazi, na alionekana kuridhika sana na nyumba.

Mama akaosha kopo la keki, akalifuta, akalitundika kwenye msumari juu ya kuni. Pale ndipo palipokuwa makaburi ya vyombo kwetu. Kitu kikitundikwa pale hakikurudi. Dada yangu Cherono, aliyekuwa darasa la sita na kichwa cha mwalimu mkuu, akaniangalia. Tukaelewana.

Kesho yake Mama akiwa ameenda kuchuma majani, tukaipa oveni mtihani. Kila picha ilipewa kipande kimoja cha mkate. Cherono alizungusha swichi, mimi nilichuchumaa mbele ya kioo nikipiga ripoti kama mtangazaji wa mpira.

Mstari wa chini pekee: mkate ukakauka tumbo, mgongo ukabaki mweupe. Mstari wa juu pekee: kinyume chake. Meno ya msumeno yalichoma upande wa juu kabla hata hatujamaliza kubishana, tukajua hiyo ni ya kuchoma, si ya kuoka. Tukatia mahindi mabichi hapo chini ya msumeno tukiyageuzageuza, yakatoka na madoadoa ya kahawia. Kogo akala. Akasema hayana ladha, akaomba mengine.

Feni ya peke yake ndiyo iliyotushangaza. Ilivuma tu, bila joto lolote. Mkate ulitoka vile ulivyoingia, labda ukiwa umeudhika kidogo. Nikasema imeharibika. Cherono akafikiri, akatoka nje, akarudi na konzi ya majani chai mabichi.

"Unakumbuka kule kiwanda cha chai shule yetu ilipelekwa? Yale matandiko marefu ya majani, yenye upepo chini yake?"

"Mimi sikwenda. Nilikuwa na matumbwitumbwi."

"Basi nyamaza uone."

Tukayatandaza kwenye waya wa oveni, tukaacha feni ivume. Tulipoyatoa baada ya muda mrefu yalikuwa yamelegea, ukiyakunja hayavunjiki, na harufu yake imebadilika, inanukia kama matunda. Hapo hapo mlango ukafunguka, Baba akaingia kutoka kituo cha kuuzia majani na kikapu kitupu mgongoni.

Nilijua tumekwisha. Stima inawaka, mkate wa chai umekatwakatwa, na majani yake yako ndani ya oveni. Lakini Baba alichukua yale majani, akayasugua katikati ya viganja, akanusa. Akanusa tena.

"Nani amewafundisha kunyausha?"

"Hakuna. Tumejaribu hiyo picha ya feni."

Akatua kikapu polepole. Akachuchumaa, magoti yakilia, akakaribia swichi kama mtu anayesoma jina kwenye kitambulisho.

"Na hii yenye duara inafanya nini?"

Mtu wa kuku huyo! Tukamwonyesha. Hiyo ilipuliza upepo wa moto, na mikate tuliyoweka juu na chini ikageuka rangi pamoja, bila upendeleo. Baba akatingisha kichwa, akasema ndivyo majani yanavyokaushwa, halafu akakumbuka yeye ni nani, akaenda kukamua ng'ombe.

Mama aliporudi alikuta mikate imepangwa mezani, kila mmoja na picha yake tumechora pembeni kwa chaki. Alikuwa amefungua kinywa kutugombeza. Kisha akaokota kipande kimoja, akakigeuza. Kahawia tumboni, kahawia mgongoni, laini katikati.

"Hii ni picha gani?"

"Mistari miwili, wa juu na wa chini."

Akaanza kucheka peke yake. "Kumbe ni sufuria ya kwetu Ndanai! Mama yangu aliweka makaa chini, akaweka mengine juu ya kifuniko. Hawa wameficha makaa ndani ya ukuta tu." Akaenda kwenye ule msumari, akashusha kopo.

Jumapili wamama walipofika, Mama alizungusha mistari miwili, akaingiza mkono ndani kupima joto, kama anavyopima makaa, ndipo akatia kopo. Nyumba nzima ikajaa mbele ya kioo.

"Sasa Mama Cherono," akasema Mama Vincent, jirani yetu, "hii tutakula ama tutaangalia?"

"Utaangalia kwanza. Hata Vincent hukumzaa siku uliyoolewa."

Wakaangua kicheko. Katikati ya kicheko stima ikapepesa, na nyumba nzima ikasema "Yesu!" kwa sauti moja. Stima ikatulia. Keki ikapanda, ikapasuka kidogo kichwani, ikawa rangi ya udongo wa kwetu. Mama akakata, kipande cha kwanza akampa Baba. Baba akatafuna kama hakimu.

"Kuku," akasema hatimaye, "watafute nyumba ingine."

Mama akainua leso akafuta uso, akidai ni joto la jikoni. Kogo alisema inakosa moshi, lakini alifunga kipande kwenye leso yake akaondoka nacho.

Siku hizi Mama anazungusha hiyo swichi bila kuiangalia, akiongea na mtu nje ya dirisha. Mdogo wetu Kibet, ambaye wakati huo alikuwa mgongoni mwake, yuko gredi ya pili na anajua kazi ya kila picha. Aliuliza simu, ikamwambia zote kabla hajamaliza biskuti. Hajawahi kuchoma hata mkate mmoja kwa ajili hiyo, maskini. Juzi nilichuchumaa mbele ya kioo, keki ikiwa ndiyo inaanza kuinuka kingo zake. Nikamwita aje aone.

"Imeiva?" akauliza kutoka kwenye kochi.

"Bado. Inapanda."

"Basi niite ikiiva."