Tulipokuwa Tunakaza Waya

Mama yangu alitaka kitu kimoja tu: afike Mlingotini kwa bahari. Huko ndiko alikozaliwa. Alitoka akiwa bibi harusi, akaletwa Bagamoyo kwa maji, na tangu siku hiyo kila akienda kwao huenda kwa gari. "Barabara nishaichoka," alikuwa akisema. "Nirudisheni nilikopita." Miguu ilishaanza kumsumbua, na presha haikumwacha.

Kaka yangu akapata boti ndogo ya tanga, ya faiba, aliyoachiwa na mzungu aliyekuwa akimlindia nyumba. Mlingoti wake unashikiliwa na waya za chuma: moja mbele, na moja kila ubavu, kila moja na skrubu yake ya kukazia.

Siku ya safari maji yalijaa asubuhi. Mama akashuka pwani na doti mpya ya kanga, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Nikashika waya ya kulia, ikanichezea mkononi kama kamba ya kuanikia nguo.

"Kaka, hii imelegea."

"Iache. Ikilowa itajikaza."

Ebo! Kaka amekulia kwenye ngalawa, na kamba za ngalawa ndivyo zilivyo: ukizikaza kavu, zikinywa maji zinavuta mpaka kitu kinavunjika. Lakini chuma kinywe maji kiyapeleke wapi? Nami nina mdomo, Mungu anisamehe. Nikamwambia nimeona kwenye simu, mlingoti lazima usimame wima na waya za ubavuni zivute sawasawa.

"Hiyo simu yako imewahi kuvua hata dagaa?" akaniuliza.

Nikachukua spana, nikakaza kulia. Mlingoti ukainamia kulia. Akaninyang'anya spana, akakaza kushoto kwa hasira, ukainamia kushoto. Mimi nalegeza, yeye anakaza. Tukafika hata kwenye mambo ya utotoni, nani alimsingizia nani kuvunja jagi. Mama akaita kutoka kitini, "Jamani wanangu, si twende hivyo hivyo?" Tukamjibu kwa pamoja, "Ngoja kidogo, Mama." Hapo tu ndipo tulipokubaliana.

Mwishowe mlingoti ukasimama wima. Kaka akazipiga waya kwa kidole, huku na huku, mlio ukawa mmoja. "Haya, umeshinda," akasema, tukacheka. Tulipogeuka kuisukuma boti, ilikuwa imekaa kwenye tope. Maji yalishakupwa, bahari iko kule mbali.

Mama hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema tu, "Basi kesho, inshallah," akanyoosha mkono tumwinue.

Kesho yake alikuwa amepooza upande mmoja. Hakuinuka tena mpaka Mungu alipomchukua.

Najuta, jamani, najuta mpaka leo. Bahari ilikuwa shwari siku ile. Hata tanga tungeliacha, tukapiga makasia polepole, tungefika. Kaka naye husema hivyo hivyo, ila husema akiangalia pembeni.

Tulimzika kwao, kama alivyousia. Baada ya mazishi mama mdogo, mdogo wake wa mwisho, alinishika mikono. Akaniambia siku ile walijikusanya pwani yeye na wanawake wenzake kumpokea dada yao kwa vigelegele, wakakaa juani mpaka mchana.

"Mlikwamia wapi?" akaniuliza.

"Tulikuwa tunakaza waya."

"Waya gani, mwanangu?"

Nikalia.