Sendofu ya mdogo wangu ni Jumamosi, na kwenye sare sikuhesabiwa

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana najua kuna wanaokufuata wewe na mimi pia wananifuata. Nina miaka ishirini na nane, sijaolewa, nimepanga chumba na sebule Chapwa, hapa Tunduma. Kazi yangu ni kuandika kuhusu nguo. Nina ukurasa wangu, nafundisha wasichana wanunue nini na waache nini.

Kama umewahi kunisoma utanijua tu. Mimi ndiye ninayesema nguo kumi zinamtosha mwanamke: suruali nyeusi inayokukaa vizuri kiunoni, shati jeupe, jaketi la jinzi, gauni jeusi lisilo na mbwembwe, raba nyeupe, nyingine utaongeza mwenyewe. Nguo ambayo hutaivaa mara thelathini usiinunue. Nawahi bero la mitumba linapofunguliwa, nachagua kimoja, narudi nyumbani. Na kuhusu suruali nyeusi bado naamini niko sahihi, hilo mtanisamehe.

Shida yangu ni sare. Huku kwetu kila shughuli ina sare. Harusi sare, kichen pati sare, kwaya sare, mpaka kipaimara cha mtoto wa jirani. Kitenge kinachaguliwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, mnatumiwa picha, mnashona, mnavaa siku moja, basi. Miaka mitatu iliyopita rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari alikuwa anaolewa, akanitumia picha ya kitenge. Nikamjibu sinunui. Ningeishia hapo ingekuwa nafuu, lakini mdomo wangu mnausikia. Nikaandika posti ndefu kwamba sare ni kodi ya urafiki, na kwamba anayekupenda atakupokea na nguo yako. Sikumtaja, ila nani asingejua? Watu walishangilia, ukurasa ukakua kweli kweli. Harusini nilikwenda na gauni langu jeusi, bibi harusi akanisalimia kama anavyosalimiwa mgeni wa upande wa mume, na mpaka leo hajanipigia simu.

Tangu hapo hakuna aliyeniunganisha kwenye grupu la kamati ya shughuli yoyote. Mwanzoni nilifurahi, nikaona nimepona usumbufu. Siku hizi Jumamosi nikisikia matarumbeta yanapita barabarani nachungulia dirishani kuona nani anaolewa. Wakati mwingine ni mtu ninayemfahamu.

Sasa wiki iliyopita nilipeleka suruali kwa fundi aipunguze urefu. Mezani kwake kulikuwa na rundo la kitenge cha aina moja, kijani chenye maua ya njano, kila kipande kimebandikwa karatasi yenye jina. Nikasoma jina la mama. La shangazi. La binamu zangu wote, hadi la mke wa kaka yangu aliyeingia kwenye ukoo juzi tu. Nikamuuliza fundi ni shughuli ya nani.

"Si sendofu ya mdogo wako?" akasema. "Nilikuwa nakusubiri nikupime, mama akaniambia wewe haupo kwenye orodha. Nikajua mmepanga wenyewe."

Mdogo wangu ni huyo mmoja tu. Tumelala kitanda kimoja mpaka nilipomaliza shule. Anaolewa Zambia, upande wa Kasama, na sendofu ndiyo sherehe yetu ya kumuaga. Tarehe niliijua, mchango wangu nilishatoa. Sare ndiyo sikuambiwa.

Nilimpigia mama palepale nje, malori yananipigia honi. Akasema, "Mwanangu, tuliogopa utatuandika."

Jamani, niliumia. Mama yangu mzazi ananiogopa. Nikampigia mdogo wangu, na yeye hata hakuwa na ubaya wowote.

"Dada, si wewe mwenyewe hutakagi haya mambo? Nikasema nisikusumbue. Wewe njoo na gauni lako jeusi, unapendezaga nalo. Nimekuwekea kiti meza ya wageni, mbele kabisa."

Alidhani ananitunza. Wenzangu wataingia ukumbini wanacheza, yeye katikati, shangazi amemshika mkono mmoja. Nikamuuliza mkono wa pili atashika nani, maana hiyo huwa nafasi ya dada. Akasema rafiki yake wa kazini. Nikamwambia sawa, nikakata simu, nikalia kwenye bodaboda mpaka dereva akaniuliza kama nimefiwa.

Kesho yake nilivuka Nakonde kukitafuta kile kitenge. Duka la tatu nikakiona. Mama muuzaji akanisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," halafu akacheka, "Na wewe wa ile sendofu? Wenzako walishachukua!" Nikamjibu ndiyo, nimechelewa. Kwa dakika chache pale dukani nilikuwa mmoja wao, na sitaki kuwaficha, ilinipendeza.

Kitenge sasa kiko kitandani, hakijakatwa. Fundi amesema nikikipeleka kabla ya Alhamisi atakishona, ila mama akimuuliza hatamficha. Wafuasi wangu wakiona picha wataniita mnafiki, hilo nitalivumilia. Ninachoogopa ni kuingia kwenye msafara shangazi aniulize mbele za watu nani kaniita. Au wanisogezee nafasi kwa kunihurumia, wakinyamaza kila ninapokaribia.

Mtasema nimwombe mama tu. Nimeshika simu mara nne. Lakini yule rafiki wa kazini alishaambiwa atashika mkono, alishafanya mazoezi ya kucheza, na mdogo wangu siku yake ni hiyo moja kabla hajavuka mpaka. Nikianza kudai leo nitakuwa yuleyule wa kuharibu shughuli za watu.

Niambieni ukweli, hata kama ni mkali. Nikivae bila kuitwa, au nikakae na wageni kwenye sendofu ya mdogo wangu? Jambo kama hili mtu humuuliza rafiki yake. Nimepitia majina yote kwenye simu, nikafika mwisho, ndipo nikawaandikia ninyi.