Kungoja Pikapu Bura

Alhamisi ile simu ilikatika mimi na msimamizi wa tasnifu yangu tukiwa katikati ya sura ya wafugaji wa Bura. Muda mfupi baadaye alituma ujumbe: "Let us pick up from Bura on Monday." Jumatatu ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya yeye kuitia tasnifu saini; bila saini hiyo ningerudia mwaka mzima.

Niliusoma ujumbe hadi maneno yakapoteza umbo. Kamusi ilinipa maana nyingi za "pick up": kuokota, kupata nafuu, kumchukua abiria. Nilikwama kwenye "from". Mtu huchukuliwa kutoka mahali, na msimamizi alikwisha kunidokezea kwamba angezuru kaunti yetu. Basi angenichukua Bura. Kumuuliza niliona haya: mwanafunzi wa uzamili aulizeje maana ya maneno mawili ya shule ya msingi?

Jumatatu niliondoka nyumbani Galbet alfajiri, tasnifu nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeketi Bura, kwenye kibanda cha shangazi yangu muuza maziwa, nikilikodolea macho kila vumbi lililoinuka barabarani. Mtandao ulikuwa umepotea tangu asubuhi.

"Eedo," shangazi aliniita, kwa neno lile lile la "shangazi" ninalomwitia yeye, "mwalimu yako anakuja na gari gani?"

"Sijui. Ameandika pick up."

"Bikabu?" Kinywani mwake kila p huwa b. "Moja ilibita saa ile, ilikuwa na mbuzi." Akanitazama. "Labda mwalimu alikaa nyuma na mbuzi."

Nilitabasamu, nikarudisha macho barabarani.

Baada ya swala ya alasiri mtandao ulirejea, simu ikatetemeka. "Tulikuwa tuendelee na sura ya Bura," aliandika msimamizi. "Nimekupigia mara tatu. You did not pick up."

Maneno yale yale. Safari hii yalimaanisha kupokea simu. Alhamisi yalimaanisha kuendelea pale tulipoachia. Maana zote mbili zilikuwamo kwenye kamusi. Nilikuwa nimezisoma.

Niliandika kumwomba radhi, nikafuta, nikaandika, nikafuta.

"Mwambie ulingoja bikabu," shangazi alisema. "Akicheka, hasira inaisha."

Nikaandika hivyo hivyo. Jibu lilikuja upesi: "Pick up."

Nikaanza kulipima. Ni amri? Ni dhihaka? Au kweli kuna gari? Simu ikaanza kuita mkononi mwangu, nami ningali nawaza.

"Eedo," alisema shangazi, "hiyo si gari. Shika."