Tetea Aliyewika

Niambie: kuku wako wote wakifa akabaki mmoja, huyo aliyebaki ana kosa gani?

Nilipokuwa mtoto mtaani Shauri Moyo, Nairobi, hakuna aliyeuliza hivyo. Jibu lilikuwa tayari: mchinje. Tetea wa Susu, nyanya yangu, alikuwa na tabia ya kuwika kama jogoo, na kila mtu, wa Machakos kwa wa Murang'a, alijua kuku jike akiwika anaita kifo. Basi kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikaingia. Kuku wa ploti nzima, wa kila mpangaji, wakapinda shingo, wakaanguka. Hata waliolala banda moja na tetea wetu, wakala punje zile zile, walikufa. Yeye alizubaa kidogo, akajikung'uta, akawika.

Leo nimesoma, na nakwambia bila kupepesa macho: ugonjwa mmoja haukuti miili ya namna moja. Huyu amerithi mwili mkakamavu. Yule aliugua akiwa kifaranga, mwili ukakumbuka. Mwingine alimeza vijidudu vingi kuliko mwenzake. Inanichosha kusikia watu wazima, simu mkononi, bado wakiita hayo nyota.

Siku ile Mama Shiru wa mlango wa pili alikuja na kisu, nyuma yake wamama wa maombi.

"Mama Mutua, huyo kuku anakula roho za wenzake. Mtoe tumalizane naye."

Kumtoa kungekuwa kukiri uchawi, na mchawi haishi ploti na watu. Susu akambana kuku kwapani.

"Huyo Mutua mnayeniita kwa jina lake, mnajua yuko wapi? Surua iliingia kwangu ikamchukua, ikamwacha mama ya huyu." Akanishika kichwa. "Sasa mama ya huyu alimla ndugu yake? Semeni! Nimwite mumchinje na yeye?"

Nimehudhuria mihadhara mingi tangu siku ile. Sijasikia hoja iliyosimama wima hivyo.

"Bado," Susu akasema. "Kuku wa kwanza kufa hapa alikuwa wa nani?"

Macho, jozi baada ya jozi, yakahamia kwa mwenye kisu.

"Wangu," Mama Shiru akasema, akishusha kisu. "Yule jogoo niliyemnunua soko la Gikomba. Alianza kuhara kijani tukiwa bado njiani. Nilijua ni mgonjwa, na nikamfungulia tu katikati ya kuku wenu."