Maziwa ya Mlezi

Wifi yangu hapimi kondoo kwa macho. Anazamisha vidole kwenye sufu mpaka aguse mgongo, ndipo aseme nani kanenepa na nani anatudanganya, maana sufu huficha mifupa. Nikipita karibu ananishika na mimi. "Wifi, kaka yangu hakulishi?" Mchokozi huyo!

Ni mjane. Zizi lile ndilo lililomlisha yeye na wanawe, na fahari ya zizi ilikuwa jike mmoja tuliyemwita Mlezi. Kondoo wengine humpiga kumbo mtoto asiye wao. Mlezi hakubagua, kila yatima alinyonya kwake.

Kisha Mlezi akaanza kukonda. Anakula vizuri, lakini anakonda! Wifi akampa dawa ya minyoo, akarudia, akabadilisha dawa. "Minyoo gani hii isiyosikia?" Akaona maji yamezidi unga, akamwita daktari wa mifugo.

Majibu ya vipimo yalipotoka, daktari hakuzunguka. Ni bakteria wa utumbo. Hujificha miaka kabla kondoo hajaanza kudhoofika, hawana tiba, na huambukiza kwa mavi na kwa maziwa.

"Kwa maziwa?" Wifi alikaa chini palepale kwenye samadi. Nusu ya zizi ilikuwa imenyonya kwa Mlezi.

Mimi ningenyamaza, nasema kweli. Yeye alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wote waliowahi kununua kondoo kwake. Wengine walimshukuru, wengine walimtukana mpaka barabarani. Alirudi amevimba macho, akaanza kuwatenga wa kuchinjwa, Mlezi akiwa wa kwanza.

Asubuhi tuliyokuwa tunamsubiri mchinjaji, kondoo mmoja asiye na ugonjwa alikufa akizaa. Kitoto kikabaki kinalia. Ng'ambo ya uzio Mlezi akakisikia, akaanza kukiita, na vile vimaziwa vyake vya mwisho vikimdondoka.

"Wifi, mara moja tu," nikasema. "Hiki hakifiki jioni."

"Hata mimi roho inaniuma. Lakini hapana." Akakitia mikononi mwangu. "Kimbia dukani kalete maziwa ya unga. Hicho kishike hivyohivyo, kisipoe."

Nilipogeuka nilimwona ameingia kwa Mlezi, amemkumbatia shingo, machozi yanamtoka waziwazi.

"Umenilelea wengi, mama," alimwambia. "Huyu niachie mimi."